Lori Lina Chujio, Mpakiaji Hana



Asimamaye kando ya barabara kuu pale Hedaru wakati wa kiangazi huona malori yakishuka kutoka Makanya yakiwa yamesheheni mawe ya jasi. Yanapita kuelekea Mombo na Korogwe, na kutoka huko yanakwenda kwenye viwanda vya saruji, kwa maana saruji hutiwa jasi kiasi cha sehemu tatu hadi tano katika kila mia ili isigande kabla fundi hajamaliza kuitandaza. Turubai limefunika mzigo, au limefunika nusu yake. Mara nyingine juu ya turubai wamekaa vijana wawili au watatu, ndio wapakiaji wenyewe, weupe kwa vumbi kuanzia nywele hadi kope. Mmoja amejifunga kitambaa usoni. Wengine wamevuta kola ya shati hadi puani, na kwao hiyo ndiyo kinga.

Chini ya boneti ya lori hilohilo kuna kifaa ambacho mafundi wetu hukiita eya klina, yaani chujio la hewa. Mwenye lori hukinunua kwa fedha yake, hukipuliza vumbi, hukibadili kwa zamu, wala hanung'uniki. Anajua kwamba injini inayovuta vumbi huliwa ringi na silinda, huanza kunywa oili, na baada ya muda si mrefu hulala barabarani. Basi tunaona jambo la ajabu: katika safari moja, kwa mzigo mmoja, injini imepewa chujio na mwanadamu hakupewa.

Tunaandika makala hii kwa sababu katika kiangazi kilichopita vijana wa kigango kimoja katika tambarare ya Same walitujia na mpango wa kutengeneza machujio ya hewa kwa takataka. Walitaka Tume iwaunge mkono. Tuliwaunga mkono, na bado tunawaunga mkono, lakini kwa sharti moja ambalo limezua maneno, na hatuna budi kulieleza.

Kwanza tuseme wazi kwamba wazo lao si la mzaha. Mwaka 1918, katika vita kuu ya kwanza ya dunia, serikali ya Marekani iliwahimiza wananchi wake wakusanye kokwa za pichi, vifuu vya nazi na maganda ya njugu ngumu, vitu ambavyo kila nyumba huvitupa jalalani. Vilichomwa vikawa mkaa wa namna ya pekee wenye vitundu vidogo visivyohesabika, na mkaa huo ukatiwa ndani ya barakoa za askari ili unase gesi ya sumu. Wananchi waliambiwa kwamba ratili saba za maganda zinatosha barakoa moja. Hata leo vifuu vya nazi ni malighafi inayosifika kwa mkaa wa aina hiyo. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, Wamarekani wawili, Richard Corsi na Jim Rosenthal, walionyesha jinsi mtu wa kawaida anavyoweza kuunganisha feni ya nyumbani, machujio ya hewa na boksi la kadibodi kwa gundi ya utepe, akapata mashine ya kusafisha hewa ya chumba kwa gharama ndogo. Na hapa kwetu, ni fundi gani wa pikipiki asiyekata kipande cha sponji ya godoro, akakiloweka oili, akakikamua na kukirudisha mahali pa chujio lililochakaa? Hiyo ni elimu ya mtaani, nayo ni elimu.

Vijana wetu walikusanya walichonacho. Walileta viroba vya mbolea, vipande vya godoro kuukuu, makapi ya katani, waya wa kusugulia masufuria na ile mifuko ya kitambaa laini iliyoenea madukani baada ya serikali kupiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019. Kwa habari ya katani hatuhitaji kumweleza mtu wa Same mambo mengi. Katika uzito wa jani la mkonge, nyuzi ni kama sehemu nne tu kwa mia. Yanayobaki huoshwa na kutupwa, na ndani yake mna nyuzi fupi ambazo hazifai kamba.

Wakachukua debe, wakalitoboa pande zote mbili, wakafunga nyuma yake feni kuukuu ya gari inayoendeshwa kwa betri. Mbele ya debe walimwaga vumbi la barabarani kidogo kidogo. Nyuma ya feni walitundika kitambaa cheupe kilicholoweshwa maji, ambacho ndicho kilikuwa hakimu. Kiroba peke yake kilishindwa mara moja, na kitambaa kikawa na rangi ya udongo wa Hedaru. Sponji kavu ilifanya afadhali. Sponji iliyolowekwa oili ilikiacha kitambaa karibu kama kilivyokuwa, na tulishangilia kama watoto. Makapi ya katani yenye oili yalifanya vizuri vilevile mwanzoni, kisha yakaziba, na feni ikaanza kulia.

Ndipo kijana mmoja, asiyependa sana kusema, akawasha magunzi ya mahindi mbele ya debe. Moshi ulipita. Ulipita katika sponji, katika katani, katika waya, kana kwamba mlango uko wazi. Kitambaa kikanuka moshi hadi jioni.

Jambo hilo lataka maelezo, maana ndipo penye kiini cha hoja yetu. Wazee wa Upare waliojenga ndiva milimani walijua kanuni ya kwanza ya kuchuja bila kuisoma kitabuni. Maji yanayoshuka kwa kasi hubeba mchanga, lakini yakitulia usiku kucha ndani ya ndiva, mchanga huzama, na asubuhi shamba hupata maji yaliyo safi zaidi. Chujio la zamani la Land Rover na la injini ya Lister lilifanya kazi kwa kanuni iliyo jirani na hiyo. Hewa ilishuka, ikageuka ghafla juu ya oili, na vumbi zito, lisiloweza kugeuka upesi, likazama katika oili. Vumbi lililosalia likanaswa kwenye waya. Kwa vumbi zito mbinu hiyo yatosha, na ndiyo maana sponji ya godoro ilifaulu.

Lakini vumbi linaloua si lile tunaloliona. Unywele wa mtu una unene wa kama mikroni 50 hadi 70, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Chembe zinazofika ndani kabisa ya mapafu hazizidi mikroni chache, na chembe za moshi nyingi hazifiki hata mikroni moja. Chembe ndogo namna hiyo haizami, haigongi waya, hufuata hewa inapopinda. Barakoa za kiwandani zinazoinasa hutengenezwa kwa nyuzi nyembamba mno za plastiki iitwayo polipropilini, ambazo zimetiwa chaji ya umeme ili zivute chembe kama kitana kilichosuguliwa kinavyovuta vipande vya karatasi. Ukiifua kwa sabuni au kuilowesha kwa spiriti, chaji hupungua au hutoweka, na chujio hubaki jina.

Hapa tulijifunza jambo lililotushangaza sisi wenyewe. Kiroba cha mbolea ni polipropilini. Mfuko laini wa dukani mara nyingi ni polipropilini pia. Ni plastiki ileile moja! Kiroba kimefumwa kwa tepe pana, na vumbi hupenya katikati ya tepe. Mfuko laini umeshindiliwa kwa nyuzi nyingi zisizo na mpangilio, kwa hiyo hunasa zaidi, na ukiwekwa matabaka kadhaa hunasa zaidi tena, ila hewa hupita kwa shida. Hata hivyo haufikii barakoa ya kiwandani, kwa sababu nyuzi zake ni nene na hazina chaji. Tena barakoa isiyobana usoni, hata ikitengenezwa kwa dhahabu, mvaaji atavuta hewa ya pembeni. Na tusidanganyane juu ya mkaa wa jikoni. Mkaa unaonasa gesi hupitishwa katika mvuke kwa joto kali la nyuzi kama 800 au 900, na vifaa vya kazi hiyo hapa kijijini hatuna.

Kuna takataka nyingine zisizofaa hata kuguswa kwa kazi hii. Kiroba kilichowahi kubeba dawa ya wadudu. Sufi ya kioo inayotolewa katika majokofu na mabomba. Vipande vya mabati ya zamani ya asibesto. Godoro lililooza ambalo humomonyoka na kuwa unga. Mtu anayejitengenezea chujio la kuvaa kwa vitu hivyo anakaribisha mapafuni adui mpya kwa kumfukuza wa zamani.

Sasa tuje kwenye neno lililozua maneno. Mtu mmoja mwenye shughuli za machimbo, ambaye hatutamtaja, alipopata habari za debe letu alitujia kwa furaha. Akasema: "Baba, hili ni jambo jema sana. Wafundishe vijana wote wajishonee barakoa za mifuko. Sisi tutaokoa gharama, na wao watakuwa wamejitegemea." Tulimkaribisha chai, tukamsikiliza, kisha tukamwambia kwamba hatutafanya hivyo. Aliondoka amekasirika, na wapo waumini waliotulaumu kwamba tumewanyima vijana kinga.

Tulipokuwa tukisoma falsafa seminarini tulizoezwa kutenganisha swali na swali. Swali la kwanza ni hili: je, inawezekana kupunguza vumbi kwa takataka? Ndiyo, inawezekana, kwa kadiri. Swali la pili: je, ni nani anayepaswa kumkinga mfanyakazi? Jibu la swali la kwanza halijibu la pili. Ndugu yetu wa machimbo alichukua jibu la "inawezekana" akalitumia kujivua "inapaswa", na neno zuri kama kujitegemea likageuka kuwa mlango wa nyuma wa kutorokea wajibu.

Sheria ya nchi haina utata hapa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri ampatie mfanyakazi vifaa vya kinga vinavyofaa pale kazi inapomweka katika hatari ya vitu vyenye madhara. Haisemi mfanyakazi ajishonee. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Na. 20 ya mwaka 2008, ilianzisha mfuko wa kumlipa anayeumia au anayeugua kwa sababu ya kazi, na mfuko huo ulianza kazi mwaka 2015. Lakini kibarua anayelipwa kwa tani aliyopakia, asiye na mkataba, ambaye jina lake limeandikwa kwenye daftari la msimamizi kwa kalamu ya risasi, atakwenda kudai fidia kwa ushahidi gani? Papa Leo XIII, alipoandika juu ya hali ya wafanyakazi mwaka 1891, aliwaonya waajiri wasiuchakaze mwili wa mtu kwa ajili ya faida, na hakuweka kando wale wasio na mkataba.

Turudi tena kwa wale askari wa mwaka 1918. Takataka zilikusanywa na wananchi, ni kweli. Lakini zilipelekwa kiwandani, zikachomwa na wataalamu, barakoa zikajaribiwa, na askari akapewa barakoa iliyokamilika. Hakuambiwa achukue kokwa zake za pichi aende nazo vitani. Hali kadhalika lile boksi la Corsi na Rosenthal: boksi ni takataka, utepe ni wa kawaida, bali kile kinachochuja hasa ni chujio la kiwandani lililonunuliwa. Mahali pote ambapo takataka zimeokoa mapafu ya mtu, pamekuwapo na mwenye uwezo aliyewajibika kwa sehemu ile isiyoweza kubahatishwa.

Tunajua hoja ya upande wa pili, nayo ina uzito. Methali husema mwenye njaa hana miiko. Kijana anayepakia jasi leo hatangoja mkaguzi afike kutoka Moshi. Kitambaa cha matabaka matatu ni bora kuliko kola ya shati. Tunakubali. Anayeweza kujifunga kitambaa safi ajifunge leo, asitungoje. Tunachokataa ni kitambaa hicho kuandikwa katika vitabu vya mwajiri kama kinga iliyokwisha kutolewa, na kijana kuamini kwamba yu salama, akakaa vumbini saa nyingi kuliko zamani. Kinga ya uongo yaweza kuzidisha madhara, kwa kuwa humwondolea mtu hofu iliyokuwa ikimlinda.

Pia kuna ugumu ambao hatutauficha. Baadhi ya wanaochimba si waajiriwa wa mtu. Ni wachimbaji wadogo, ndugu na marafiki, wanaochangia sururu na kugawana malipo. Mwenye shimo naye amejaa vumbi kama wenzake. Huyo tumwambie nini? Wataalamu husema dawa ya kwanza ya vumbi ni maji, yaani kulowesha jiwe kabla ya kulivunja, na barakoa huja mwisho. Lakini ni nani atakayemwambia mtu wa tambarare ya Makanya na Hedaru amwage maji juu ya mawe, wakati mama yake anaamka usiku kutafuta ndoo moja? Milima imezuia mvua upande wake wa pili, na maji ya ndiva hugawanywa kwa zamu na hayafiki kwa kila mtu. Kwa watu hawa tunaona njia moja iliyo ya haki: bei ya tani ya jasi ihesabiwe pamoja na barakoa ya kweli ya yule anayeivunja. Mnunuzi hulipia dizeli ya lori, na ndani ya dizeli hiyo amekwisha kulipia chujio la injini. Hatuoni kwa nini pua ya mchimbaji iwe nje ya hesabu.

Wapo watakaosema kwamba jasi si sumu. Ni kweli kwamba jasi safi haina ukali wa vumbi la silika, lile linalowaharibu mapafu wachimbaji wa mawe magumu na kuwafungulia mlango wa kifua kikuu; hospitali ya Kibong'oto kule Siha imewapokea wengi wao kutoka machimbo ya Mirerani. Lakini jasi ya shimoni huchimbwa pamoja na udongo na mchanga wake, na mchanga una silika. Mkonge nao hauna sumu. Hata hivyo, kuanzia mwaka 2007 watafiti wa Kitanzania wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Bergen cha Norway walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika viwanda vya mkonge vya hapa nchini, wakaonyesha kwamba wanaofanya kazi kwenye vumbi la katani, hasa katika vyumba vya kupigia brashi, husumbuliwa na kikohozi na chafya kuliko wenzao wasiokaa humo. Nyuzi zilezile tunazotaka zitusaidie kuchuja vumbi, zenyewe ni vumbi kwa anayezipiga brashi.

Neno moja kuhusu jikoni, kwa kuwa akina mama waliuliza. Chujio la sponji halitawasaidia. Mmekwisha kusikia habari za magunzi. Isitoshe, gesi ya kaboni monoksaidi inayotoka kwenye jiko la mkaa hupita katika kila chujio la vumbi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo vipatavyo milioni 3.2 duniani. Mkakati wa taifa uliotangazwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo mwaka 2034, lakini hadi hapo nyumba nyingi, hasa huko juu milimani ambako baridi hufunga madirisha, zitaendelea na kuni. Takataka ziwafae kwa njia nyingine: bati la debe lililokunjwa likawa bomba la moshi hadi nje ya paa, na tundu lililoachwa wazi chini ya mwambao wa paa. Moshi utoke, kabla ya kufikiria kuuchuja.

Basi vijana wetu wafanye nini na debe lao? Tulikaa nao jioni mbili. Mashine za kusaga nafaka pale sokoni hutoa unga hewani kwa sababu mifuko yake ya kitambaa imetoboka, na wenye mashine wamesema wako tayari kununua mipya iliyoshonwa kwa matabaka. Pikipiki na pampu za umwagiliaji zinahitaji sponji kila mwezi. Hiyo ni kazi halali yenye kipato halali. Walipotuuliza juu ya sharti letu tuliwaomba washone lebo kwenye kila chujio kabla halijauzwa. Msichana anayeshona ndiye aliyetunga maneno yake, nasi hatukuongeza herufi: "Chujio la mashine. Si la kuvaa. Barakoa mwombe mwajiri wako."